Hodi Tatu za Maalim

Mtandao ukikatika pale kituoni kwetu Madungu, kabla hujamfikishia Maalim shida yako ilikubidi kwanza umwamkie. Si salamu ya kupita njia. Amkio zima: u hali gani, umeamkaje, wazima kwenu, mama anaendeleaje na mguu wake, mvua imeshuka huko au bado. Akimaliza kukuuliza, nawe ukamaliza kumuuliza, ndipo anapovua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa tena na kusema, "Haya. Nani kanyamaza?"

Hakusema mtandao umekufa. Kwake yeye mtandao haufi. "Kuna mmoja tu kanyamaza," ndivyo alivyokuwa akituambia, "na kazi yetu ni kumjua ni nani." Ukimwambia umekufa alikutazama kana kwamba umemzushia kifo mtu ambaye yuko barazani kwake anakunywa kahawa.

Kwao wapi, babu yake nani, na mashamba yao ya mikarafuu yalikwenda na nani, hayo siyagusi. Pemba kila mtu anayajua ya mwenziwe. Jina lake nalo silitaji, maana mwenyewe hakulitumia. Sote tulimwita Maalim, na hata mkewe alipomwita kuja kula alimwita hivyo hivyo. Mimi nilikuwa karani wa kituo kile cha walimu, na yeye ndiye aliyeshika chumba cha kompyuta. Aliniita Bi Karani. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sina hakika kama alilijua jina langu, na sikutaka kumtia aibu kwa kumuuliza.

Lakini mtu huyu aliyetaka kila kitu kiamkiwe, mpaka swichi na waya, alikuwa na mtu mmoja hapa mjini Chake ambaye hakumwamkia. Ni ndugu yake wa tumbo moja, mdogo wake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Tibirinzi. Ilikuwa ile miaka ya vyama vingi iliyotuchoma sisi Wapemba kuliko tulivyopenda kukiri. Mmoja alipandisha bendera hii juu ya paa la nyumba ya baba yao, mwengine akapandisha ile, na paa ni moja. Uchaguzi ukaja, ukapita, bendera zikachanika kwa jua na mvua, wao wakabaki palepale. Wako waliosusiana maziko. Wako walioacha kununua samaki kwa jirani. Hawa wawili waliacha salamu, na mimi niliyewajua wote wawili jambo hilo lilinikaa moyoni, kwa sababu walikuwa wanazeeka na hakuna hata mmoja aliyekuwa na haraka.

Kompyuta zetu zilikuwa za msaada, nzito, zenye mgongo nyuma. Zilipokuja zilikuwa na Windows, na kila mwalimu aliyechomeka fleshi yake alituachia virusi kwa zawadi. Maalim akaletewa sidii ya Linux na mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa Dar es Salaam, akazifuta zote akaanza upya. Walimu wakalalamika kwamba vitu haviko pale vilipokuwa. Aliwajibu kwamba hata kibla ukihama nchi hakibaki upande uleule, na watu wanasali. Wakazoea, ingawa wako waliozoea huku wananung'unika mpaka wakastaafu.

Njia yake ya kumtafuta aliyenyamaza ilikuwa moja na hakukubali hatua yake yoyote irukwe. Kwanza taa. Nyuma ya kila kompyuta, pale waya wa mtandao unapoingia, kuna taa ndogo. Ikiwaka, waya umeshika. Isipowaka, usihangaike na mengine. Tatizo ni kwamba Maalim mwenyewe alikuwa haioni. Macho yalishaanza kumtia ukungu na hakutaka mtu ajue. Basi huinama nyuma ya meza, akajitia anatazama, kisha husema kwa sauti ya mwalimu anayetahini, "Bi Karani, hebu tuambie, taa hii inasemaje?" Nikijibu, "Inawaka, Maalim," huitikia kwa kichwa na kusema, "Vyema, umeona sawasawa." Mtihani huo nilipewa miaka na miaka, na sikufeli hata mara moja.

Taa ikiwaka, mashine ijisalimie yenyewe. Linux ina amri iitwayo ping, na kazi ya ping ni kwenda kupiga hodi kwenye anwani utakayoitaja na kurudi na jibu. Maalim aliiamuru mashine ipige hodi kwake mwenyewe kwanza. "Asiyeweza kujijibu mwenyewe, utampeleka kwa watu akafanye nini?" Ikijijibu, anaangalia kama imepewa anwani, kwa sababu isiyo na anwani haina kwao, na majibu hayatajua yarudi wapi. Kisha hodi kwenye ruta, ambayo sisi tuliiita lango, maana kila kinachotoka chumbani kinapitia pale. Kisha hodi kwa mtu wa mbali kabisa, kwa namba. Mwisho, hodi kwa mtu yuleyule, kwa jina.

Hili la namba na jina liliwatatiza sana walimu. Inakuwaje kompyuta ifike kwa namba isifike kwa jina? Maalim aliwapeleka kwenye mambo ya Chake. Shuka sokoni, aliwaambia, umuulizie mtu kwa jina lililo kwenye kitambulisho chake, hakuna atakayekuonyesha; taja lakabu yake, utapelekwa mpaka mlangoni. Mtu yupo, nyumba ipo, ila uliyemuuliza hajui jina hilo ni la nani. Basi usimlaumu mwenye nyumba, badilisha unayemuuliza. Akafungua lile faili la Linux lenye anwani ya wa kuulizwa, akaandika nyingine, na mtandao ukarudi. Siku hizo alitembea kwa madaha mpaka laasiri.

Sasa nije kwenye hodi zenyewe, kwa sababu hapo ndipo Maalim alipokuwa Maalim. Sisi tumelelewa kwamba ukifika kwa mtu unapiga hodi, unapiga ya pili, unapiga ya tatu. Hukujibiwa, unarudi ulikotoka bila kinyongo, maana mwenye nyumba ana haki yake. Linux haikulelewa hivyo. Ukiiambia ping iende, itapiga hodi moja kwa moja bila kukoma mpaka wewe mwenyewe uikatize. Maalim jambo hilo lilimkera vibaya. "Hii haina adabu," alisema. "Ukiiacha itapiga hodi mpaka kiyama." Kwa hivyo kila mara aliiandikia mwisho wake: tatu, basi. Mwalimu mmoja alipomwambia kwamba Windows yenyewe hupiga nne kisha ikaacha, Maalim aliinua uso akamuuliza kwa dhati kabisa, "Nne wamezitoa wapi?"

Na ukimtaka aongeze moja, hata ya kujaribu tu, hakuongeza. Nilimwambia siku moja, "Maalim, waya mrefu, hali ya hewa mbaya, labda ya nne itafika." Akaniambia, "Ya nne si hodi tena, Bi Karani. Ya nne ni kuomba."

Msidhani lakini kwamba alikuwa mtu wa kanuni moyoni kama alivyokuwa mdomoni. Alitufundisha tuanze kwetu kabla ya kumtuhumu wa mbali, na huku yeye mwenyewe, mtandao ukikatika, kabla hajainuka kitini alishajua kosa liko wapi: liko Unguja. Umeme ukizimika, Unguja. Barua ikichelewa, Unguja. Alifuata hatua zake zote kwa heshima, moja baada ya moja, lakini ulimwona usoni kwamba anapita tu njiani, safari ni ya Unguja. Ikigundulika kwamba aliyenyamaza ni swichi yetu wenyewe, aliipokea habari hiyo kwa huzuni.

Siku moja alitafuta tangu asubuhi. Taa, akasema ameziona, siku hiyo hakuniuliza kwa sababu alikuwa na wageni na alitaka waone anavyofanya kazi peke yake. Mashine zikajijibu, lango halikujibu. Akaeleza habari za lango kwa kirefu, akachora ubaoni, akafika mpaka kwenye mkonga wa chini ya bahari. Wageni wanaandika. Kumbe Bi Mfagiaji alikuwa amechomoa umeme wa ruta apate kuchomeka birika, na chai hiyo ya tangawizi ndiyo waliyokuwa wakinywa wageni muda wote huo. Alipokuja kuchukua vikombe akaichomeka ruta mahali pake, mtandao ukarudi, na Maalim akawaambia wageni, "Mnaona? Inataka subira." Hakuna aliyemkosoa, na chai kwa kweli ilikuwa nzuri.

Mikono yake ilikuwa hodari. Waya zetu hazikufungwa kwa vile vibano vya plastiki. Alizifunga kwa ukili, ule mwaa wa kusukia mikeka, aliosukiwa na mkewe. Ukuta wa chumba chetu ulipendeza kuliko wa afisi yoyote niliyowahi kuingia. Lakini hewa yetu ya chumvi inakula shaba, na vichwa vya waya vilishika kutu. Ndipo alipopata wazo la kuvifuta kwa mafuta ya makonyo ya karafuu. Mafuta hayo sisi tunajipaka mgongo ukiuma, tunayatia kwenye jino, na yeye akaona yatafaa na mtandao. Chumba kilinuka kama duka la dawa, walimu wakapiga chafya, kutu ikabaki. Nilipomuuliza kama imesaidia alisema, "Haikudhuru."

Utepe mweusi wa kuungia waya, misumari, na zile kofia ndogo za kushikia waya ukutani, vyote hivyo mahali pa karibu pa kuvipata palikuwa duka la mdogo wake. Maalim kila asubuhi alipita mbele ya duka lile akija kazini, na alipolikaribia alivuka barabara akashika upande wa pili, mwavuli ameuinamisha upande wa dukani hata kama hakuna jua. Kwa hivyo aliyetumwa ni mimi. "Nenda pale Tibirinzi," alisema. Pale, hakusema kwa nani.

Mdogo wake alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kuzungumza na kila mteja. Nikiomba utepe, alitafuta kwanza akaupata ulio bora, akaunyoosha, akaupima kwa meno, kisha ananiambia, "Mwambie huyo fundi wenu huu asiukate kwa mdomo, ataharibu meno." Nikirudi, Maalim hapokei utepe mpaka ameuliza, "Kasema nini?" Namwambia. Naye anajibu, "Mwambie meno yangu ni mazima." Na safari nyingine nikifika dukani, kabla sijafungua mdomo, mdogo wake ananiuliza, "Kasema nini?"

Siku moja nikawaka. Nikamwambia Maalim, "Mie humu ndani nimekuwa lango. Kila neno lenu linapitia kwangu. Iko siku nitanyamaza mie, na hapo mtajua." Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, akaniambia jambo ambalo nadhani hakumwambia mtu mwengine, huku anabana waya kwa koleo asipate kunitazama.

"Mie nilikwenda, Bi Karani. Idd ile ya mwanzo baada ya uchaguzi. Nilivaa, nikenda mpaka mlangoni kwake, nikapiga hodi tatu. Redio ilikuwa inasema ndani. Nikasikia na kikombe kikiwekwa kwenye kisahani. Hakujibu."

"Ukafanyaje?"

"Nikarudi. Ningefanyaje? Nimepiga tatu."

Shehe wa msikiti wetu alishamkumbusha zaidi ya mara moja kwamba dini hairuhusu ndugu kukatana hivyo. Kila akikumbushwa jibu lilikuwa hilo: hodi zangu nimezipiga, zilizobaki ni zake. Na alikuwa akiamini hivyo kwa moyo mweupe kabisa. Ndilo lililonikera zaidi.

Halafu likaja jambo la seva. Walimu wetu walitakiwa wajiandikishe mafunzo kwa njia ya mtandao, kwenye seva iliyoko Unguja, na siku ya mwisho chumba kilijaa. Ukurasa ulikuwa mzito kufunguka. Maalim akaingia, akawaamkia watu wote, wote wakamwamkia, akaanza njia yake. Taa, nikamwambia zinawaka. Mashine imejijibu. Lango limejibu. Wa mbali kajibu kwa namba, kajibu kwa jina. Akapiga hodi kwenye seva yenyewe: moja, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu. Maalim akageuka, na sikuwahi kumuona ana furaha namna ile. Safari hii kweli ilikuwa Unguja. "Aliyenyamaza ni seva," alitangaza. "Nendeni makwenu."

Wakaenda. Wengine walikuwa wametoka mbali, wamepanda gari ya alfajiri. Asubuhi ya pili nikapigiwa simu kutoka Unguja, wanauliza Pemba mna nini, mbona hakuna hata mmoja aliyejiandikisha. Nikawaambia seva yenu ilinyamaza. Fundi wao akacheka, akanieleza taratibu: seva ilikuwa hai siku nzima, ila wao wameizuia isijibu ping, kwa ajili ya usalama. Hodi inaisikia, haijibu. Lakini mlango wake uko wazi. Tungesubiri tu ukurasa ufunguke, ungefunguka. Niliwabembeleza mpaka wakatuongezea siku, na walimu wakarudishwa kwa simu moja moja.

Nilimpelekea Maalim habari hizo pale mezani kwake.

"Yumo ndani?" akauliza.

"Yumo."

"Anasikia?"

"Anasikia, Maalim. Kazuiwa tu asijibu."

"Na mlango?"

"Mlango haukufungwa."

Akatikisa kichwa. "Hiyo adabu ya wapi sasa? Mtu yumo kwake, anasikia hodi, amekaa kimya!"

Nami mdomo wangu haujawahi kunisubiri. Nikasema, "Pengine na yeye anashangaa, Maalim. Anasema, mtu kaja mpaka mlangoni, mlango u wazi, kapiga tatu kaondoka."

Alikaa akiutazama ukuta wenye zile waya zilizofungwa kwa ukili, kisha akachukua mwavuli akaondoka, na hata adhuhuri haijaadhiniwa. Nikajua nimemuumiza, na sikujuta. Kuanzia wiki ile somo lake lilibadilika. Aliwafundisha walimu kwamba asiyejibu hodi si lazima awe hayupo. Mjaribu na mlango. Na asubuhi alipopita Tibirinzi hakuvuka tena barabara. Alipita upande uleule wa duka, mwavuli ameukunja, anatazama mbele. Mdogo wake naye alitoka akasimama kizingitini, anatazama barabara. Hakuna aliyesema neno. Nikimuuliza yeyote kati yao alisema anaangalia mvua.

Wakabaki hapo. Nilidhani ni suala la siku chache, ikawa miaka. Maalim akastaafu. Alikuja kututembelea mara moja, akakuta Linux mpya haina tena ile amri yake ya zamani ya kutazama anwani, imeletwa nyingine fupi badala yake, akaichukulia kama kuvunjiwa nyumba. Wakubwa wa vyama walipeana mikono mbele ya watu, na watu wengi nao wakapeana. Mdogo wake akaugua miguu, akafunga duka, akahamia Vitongoji kwa binti yake anayesomesha skuli ya huko. Maalim hakuwa tena na duka la kupita. Nilimkuta siku moja amesimama mbele ya ile milango iliyofungwa, anasoma tangazo la mtu anayeuza mabati. Na mimi najua kwamba herufi zile alikuwa hazioni.

Ndipo yule binti aliponipigia simu. "Shikamoo, Bi," alisema, tukaamkiana mpaka tukamaliza. "Laptop yangu haipati mtandao, na ni Linux. Nimesikia hapa Pemba anayeijua vizuri ni baba mkubwa. Kesho mie niko skuli mpaka mchana. Laptop nitaiacha mezani. Baba yupo."

Alipofika kwenye "Baba yupo" sauti yake ilishuka kidogo. Nikamwambia nimefahamu.

Nikaenda kwa Maalim kesho yake asubuhi. Alikuwa amekaa ukumbini na tasbihi. Nilimweleza kompyuta ni ya nani na iko wapi, sikumficha kitu. Tasbihi ikasimama.

"Taa inasemaje?" akauliza.

"Hakuniambia."

"Anatumia waya au modemu?"

"Modemu."

"Kaipigisha hodi kwake yenyewe?"

"Mie sijui, Maalim. Kompyuta iko Vitongoji, mie niko hapa."

Akamwita mkewe, akamtaka kanzu iliyopigwa pasi, ile ya Idd. Mkewe akatokeza kichwa mlangoni, akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Kwa ajili ya kompyuta?"

"Kwa ajili ya kompyuta," alisema Maalim.

Mpwa wangu alitupeleka kwa gari yake. Njia nzima Maalim aliizungumza ile amri mpya na ubaya wake, hakutaja jengine. Tulipofika akashuka mwenyewe, akapanda kipandio, akavua viatu, akarekebisha kofia. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Ndani redio ilikuwa inasema kwa chini.

"Hodi," alisema Maalim.

Redio ikazimwa. Basi.

"Hodi."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimeshika buibui langu kwa mikono miwili. Nilijua huko ndani kuna mtu anayesikia, na nilijua huyu wa nje hesabu yake inaishia wapi, na kama itaishia leo haitaanza tena.

"Hodi." Ya tatu ilitoka imekwaruza.

Kimya. Maalim akageuka. Hakunitazama usoni. "Hayupo," alisema.

"Yupo, Maalim."

"Nimeshapiga tatu, Bi Karani."

Akateremsha mguu mmoja, akalitafuta kubadhi, akalivaa. Akawa analitafuta la pili kwa vidole, halioni, na lipo hapo hapo mbele yake. Ningeweza kuinama nikamsogezea. Sikumsogezea. Akasimama hivyo kwa muda, mguu mmoja na kiatu, mwengine hauna, mkono ameegemeza ukutani. Kisha akageuza uso kwenye mlango.

"Hodi," alisema. "Hodi, mdogo wangu."

"Karibu," ilitoka papo hapo. "Karibu, kaka. Sukuma, mlango u wazi. Miguu hainiruhusu kuinuka."

Aliingia na kubadhi lake moja mguuni, na hakuna aliyemwambia. Mdogo wake alikuwa amekaa kwenye kiti cha ukili, amekonda, nisingemjua barabarani. Maalim akamshika mkono akaendelea kuushika. Waliamkiana. Amkio lile siliandiki lote kwa sababu nusu yake sikulisikia, nilikuwa nimejifunika uso na buibui nalia. Waliulizana miguu, macho, kila mtoto kwa jina lake, waliozaliwa na waliokufa, mvua, mikarafuu. Yalikuwa ni mengi ya kuulizana.

Walipomaliza, mdogo wake akasema, "Idd ile nilikusikia."

"Najua. Nilisikia kikombe."

"Nilikuwa naingoja ya nne."

"Ya nne haipo," alisema Maalim.

"Najua haipo. Tatu unampigia kila mtu."

Maalim alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mwishowe akavuta kiti chengine, akaketi mbele ya meza yenye laptop, akaifunua kifuniko.

Mimi nilishaiona modemu tangu tulipoingia. Ilikuwa juu ya kabati la vyombo, imechomolewa, imewekwa juu ya kitambaa kilichotariziwa, mahali ambapo mtu mwenye macho hawezi kuikosa. Nikafunga mdomo wangu, safari hii ukanisikia.

Maalim aliinama ubavuni mwa laptop, akapapasa kwa kidole pale modemu inapochomekwa. Kidole kikaingia kwenye tundu tupu, kikatulia hapo. Nikamwona anatabasamu kidogo. Kisha akainua kichwa, na kwa ile sauti yake ya kutahini akasema, "Hebu tuambie, taa hii inasemaje?"

Mdogo wake akasogeza shingo, akakaza macho. "Mie nami sioni, kaka."

"Basi tutaanza mwanzo kabisa."

"Itachukua muda?"

"Itachukua," alisema Maalim, akavua kofia akaiweka mezani.